Bomba la Hewa ya Kijani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumatano ya katikati ya Agosti mwaka 1956, Tadeo, fundi kijana wa kiwanda cha sabuni, alikutwa amelala kifudifudi kwenye kizingiti cha nyumba ya umeme. Macho yake yalikuwa yamevimba, na pumzi ilimtoka kwa mlio wa msumeno. Nyuma yake, ndani ya chumba, hewa yenye rangi ya limau bichi ilikuwa imetanda sakafuni, nzito, imetulia kama maji kwenye karai.

Aliyemkuta ni mzee Uweso, mpishi mkuu wa sabuni. Alimkokota kijana mpaka penye upepo, akakimbilia swichi kubwa iliyokuwa ukutani nje, akaizima. Kisha akapiga kelele hadi watu wa mtaa wa Sahare wakatoka na kanga na shuka walizolalia.

Sajini Manase alifika kwa baiskeli jua likiwa limeshachomoza. Tadeo alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali. Kiwanda kilisimama kimya ukingoni mwa mikoko ya mto Mkulumuzi, na kimya chake kilikuwa kizito, maana kwa miezi mitatu watu walikuwa wamezoea kuusikia mvumo wa dainamo mchana na usiku.

Mwenye kiwanda alikuwa Bi Mastura binti Miraji, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti isiyopanda.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto," alisema Manase. "Mimi ni Msambaa wa Bumbuli. Kwetu sabuni tunainunua dukani."

"Zamani tulipika magadi na chokaa kupata maji makali ya sabuni," alijibu Mastura. "Kila pishi liliacha tope jeupe, na tope lote lilikwenda mikokoni. Kaa walikufa, chaza wakafa. Wanawake wanaookota chaza walikuja mlangoni kwangu na vikapu vitupu, wakavimwaga chini mbele yangu. Havikuwa na kitu, lakini walivimwaga."

"Na sasa?"

"Sasa chumvi ya Moa tunaiyeyusha katika maji. Umeme wa maporomoko ya Pangani unazungusha dainamo, umeme wa dainamo unapitishwa ndani yake, na ile chumvi inapasuka pande mbili. Upande mmoja tunapata maji makali, safi, bila tope. Upande wa pili inatoka hewa ya kijani. Ni sumu, lakini haiendi popote. Inaingia bomba lile la udongo, inatokea nje, inazama katika pipa la maji ya chokaa, na humo inageuka dawa ya kung'arishia nguo. Madobi wa Ngamiani wanaigombea."

"Mdomo wa bomba ukizibwa?"

"Hewa inarudi chumbani." Mastura alitazama mikokoni. "Jumamosi afisa wa afya wa mji anakuja. Alishasema: akiikuta mashine inafanya kazi na mfereji unatoa maji masafi, leseni inabaki. Asipoikuta, anafunga kiwanda siku hiyo hiyo. Hatanipa nafasi nyingine, na hawa wote unaowaona hapa watarudi kukata mkonge."

Manase alikwenda kwenye pipa, nje, chini ya kibanda kisicho na kuta. Mtu yeyote angeweza kufika pale bila kupita mlangoni. Aliingiza waya katika mdomo wa bomba akavuta. Kwanza lilitoka kumbi la nazi lililofumuka. Nyuma yake lilitoka donge la kitambaa, limeviringwa, likafungwa fundo gumu, bichi, lenye harufu ya kuchoma pua.

Kilikuwa cheupe.

"Hicho ni kitambaa cha kanzu," alisema Mboni, mwanamke aliyekata mapande ya sabuni, na ambaye hakuwahi kukosa neno. "Na hapa anayekuja na kanzu tunamjua."

"Mboni," Mastura alimkanya.

"Sikutaja jina, bibi. Nimetaja nguo." Kisha akamgeukia mzee Uweso, aliyekuwa ameketi juu ya gogo. "Na wewe mzee, kofia yako ya sikukuu ya Idi leo jikoni? Itaingia mafuta hiyo."

"Nilikuwa nakwenda msikitini," alisema Uweso. "Nikasikia mtu anakohoa."

"Shikamoo mzee," alisema Manase.

"Marahaba."

"Umemwokoa mtu leo."

Uweso alitazama mikono yake, iliyokuwa na makovu ya kuungua hadi kwenye viwiko.

Ofisini mwa Mastura kulikuwa na picha moja ukutani, ya siku kiwanda kilipofunguliwa na marehemu mumewe. Wafanyakazi walisimama mbele ya sufuria kubwa. Katikati yao alikuwepo Uweso, kijana zaidi, kilemba cha miraba kichwani, upawa mrefu mkononi ameusimika kama mkuki. Manase aliitazama picha ile kwa muda, kisha akauliza ni nani hapa anayekuja na kanzu.

*

Shekhe, shemeji yake Mastura, alihojiwa saa nne asubuhi, barazani kwake. Alikuwa mtu mnene, mwenye kanzu iliyopigwa pasi. Upindo wa chini ulikuwa umechanika, na kipande kilikosekana.

"Kipande hiki kiko wapi?" aliuliza Manase.

"Iulize cheni ya baiskeli yangu."

"Jumatatu ulisema mbele ya watu kwamba mashine itafia mle mle."

"Nilisema. Na leo nasema tena. Kile kiwanja ni cha marehemu kaka yangu, na mjane wake anakijaza nyaya na sumu. Mtu kutaka kiwanja cha kaka yake ni kosa?"

"Kumziba mtu pumzi ni kosa."

"Bwana sajini, tazama tumbo hili. Mimi niiname alfajiri chini ya kibanda, nisukumize makumbi ndani ya bomba? Mimi nikiinama, kuinuka ni mpaka niitiwe watu."

Manase nusura acheke. Lakini kipande cha kanzu kilikosekana, maneno ya Jumatatu yalikuwa na mashahidi, na Inspekta wake hakupenda kesi zinazochelewa. Adhuhuri Shekhe alikuwa mahabusu, akilalamika kwamba hapakuwa na mto.

Alibaki Safari, mchoma chokaa, Mdigo mrefu aliyejifunga shuka ya kaniki nyeusi, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Yeye alileta mzigo wa chokaa alfajiri ile ile. Manase alimkuta kwenye tanuri lake, akipanga mawe ya matumbawe.

"Msambaa kateremka mlimani," alisema Safari bila kugeuka. "Umekuja kuota moto?"

"Nimekuja kuuliza kama mashine ya Tadeo imekunyang'anya riziki."

"Imenipa. Zamani walinunua chokaa ya kupikia. Sasa wananunua ya kunyweshea hiyo hewa yao, tena zaidi. Mashine ikifa, mimi ndiye wa kwanza kulia." Alipangusa mikono. "Kama kuna niliyekuwa na hasira naye pale ni mzee wao wa jikoni. Mwezi uliopita mapishi mawili yaliharibika, sabuni ikatoka inakwaruza mikono, na mzee akasema chokaa yangu mbovu. Chokaa yangu, sajini! Shika. Shika uone."

Manase alishika. Ilikuwa laini kama unga wa muhogo. Aliondoka na vidole vyeupe, akiwa anajua mambo mawili: Safari hakuwa na sababu, na chokaa haikuwa mbovu.

*

Alhamisi alasiri Tadeo aliweza kuzungumza. Alikuwa mtoto wa mkata mkonge, akasoma kwa mapadre, akafanya kazi miaka kadhaa katika maabara ya utafiti kule Amani, akiosha chupa na kutazama. Aliyoyatazama ndiyo yaliyompa mashine.

Muuguzi Elizabeti alimkaribisha Manase kwa malalamiko. "Afadhali umekuja. Mwambie huyo mzee wenu anayeleta uji tangu jana apunguze chumvi. Mgonjwa kautema. Nikimwambia, ananiapia kwamba ametia sukari."

Bakuli lilikuwa bado juu ya kabati. Manase alichovya kidole akaonja. Ulimi ulimkunjamana. Uji ulikuwa kama maji ya bahari.

"Mzee Uweso?" aliuliza.

"Anakaa hapo kwenye kiti, haongei. Jana nilidhani ni baba yake."

Tadeo alikohoa, kisha akasema kwa sauti iliyobaki: "Ni kama baba. Yeye ndiye aliyenifundisha kuitazama sabuni inapoiva. Umeme unafanya maji makali, bwana sajini. Haupiki sabuni. Bila mzee, ninachokitengeneza ni maji tu."

"Mmewahi kugombana?"

Tadeo alifikiri. "Hapana. Kila asubuhi yeye huonja maji makali kwa ncha ya ulimi, kabla mtu yeyote hajaanza kazi. Ndiyo desturi ya wapishi wa zamani, na watu husimama kumsubiri. Mimi nina chelezo cha kioo; kinaelea, kina mistari, kinaonyesha ukali. Wiki iliyopita nilimwambia, 'Usilambe tena mzee, utaua ulimi.' Nilikuwa namwonea huruma."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Walikuwa wanasubiri."

Manase akauliza juu ya alfajiri ile.

"Nilifungua mlango ikanipiga usoni. Nikageukia swichi. Sikufika."

Elizabeti alileta mfuko wa vitu vya mgonjwa. "Tia sahihi uvichukue ukitaka. Suruali, mkanda, shati jeupe."

"Sina shati jeupe," alisema Tadeo.

Muuguzi alilitoa akalining'iniza. Lilikuwa jeupe mabegani, jeupe kifuani. Manase alilichukua, akaugeuza ukosi. Chini ya mkunjo wa ukosi, mahali ambapo hewa haikufika, palikuwa na buluu ya anga. Ndani ya mfuko wa kifua, buluu.

"Ndiyo kazi yake," alisema Tadeo. "Inakula rangi. Ndiyo maana madobi wanaipenda."

Sajini Manase alisimama, akavaa kofia yake, akasahau kuaga. Kituoni alilitoa donge la kitambaa kwenye bahasha ya ushahidi. Inspekta alikuwa ameagiza lisiguswe. Manase alifunga mlango, akalegeza fundo kidogo kwa ncha ya kalamu, akachungulia katikati ya donge. Kisha akalikaza tena, akaenda kwa Inspekta kuomba ruhusa ya jambo moja.

*

Jumamosi saa tatu asubuhi kiwanda kilijaa. Afisa wa afya alisimama penye kivuli, saa yake mkononi. Shekhe aliletwa kati ya makonstebo wawili, kanzu imekunjamana. Safari alikuja na kaniki yake. Mboni alisimama mbele ya wote. Tadeo aliletwa kwa gari la hospitali, Elizabeti kamshika bega. Mastura alikuwa ameshika swichi.

"Washa," alisema Manase.

Dainamo ilivuma. Baada ya muda mapovu yalianza kupanda katika pipa la chokaa. Watu wakashusha pumzi.

"Safari, nipe kipande cha kaniki yako."

"Utanilipa shuka nzima?"

"Nitakununulia, Mdigo wee. Lete."

Manase alichana ukanda mdogo, akaulowesha maji, akaufunga kwenye ufito mrefu, akauweka kwenye mdomo wa bomba. Watu walisubiri. Alipouinua, ule weusi ulikuwa umegeuka kijivu. Alipourudisha na kuuinua tena, ulikuwa mweupe kama sanda.

"Alaa," alisema Mboni.

"Kitambaa kilichoziba bomba hakikuwa cheupe kilipoingia," alisema Manase. "Kilitoka cheupe. Sisi tulikiona, tukaikumbuka kanzu, tukamkamata mwenye kanzu. Bwana Shekhe, cheni ya baiskeli yako nimeikuta na uzi wa kanzu yako. Uko huru."

"Sasa mto wa kulalia nitaupata kwa nani?" alisema Shekhe, akijipangusa.

Lakini macho ya watu yalikuwa yamekwenda kwa Safari na kaniki yake. Safari alirudi nyuma hatua moja. "Msinitazame mimi."

"Msimtazame," alisema Manase. Alilitoa lile donge. "Fundo likikazwa sana, hewa haifiki moyoni."

Alilifungua polepole. Tabaka la kwanza jeupe, la pili jeupe. La tatu lilikuwa na doa la waridi. Katikati kabisa, pakubwa kama kiganja cha mtoto, palikuwa na miraba myekundu na myeusi, inang'aa kama imefumwa jana.

Debwani, nguo ya vilemba.

Hakuna aliyelitaja jina. Haikuhitajika. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pale, waliiona miraba ile kila asubuhi juu ya kichwa kimoja. Wote waligeuka kuitazama kofia ya Idi iliyokuwa bado kichwani mwa mzee.

Mzee Uweso aliketi juu ya gogo lake. "Kumbi lilikuwa linatoka," alisema. "Kila nikilisukuma linatoka. Nikavua kilemba, nikakifunga fundo, nikakitanguliza ndani, kumbi likashika."

"Mzee," Mastura alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Kwa nini?"

Manase alichukua bakuli aliloliandaa, akaliweka mbele yake. "Mzee wangu, onja uji huu. Uniambie una chumvi au una sukari."

Mzee alilitazama bakuli. Alichovya kidole, akakiweka ulimini, akakaa hivyo. Dainamo ilivuma. Mapovu yalipanda.

"Sijui," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Nilifuturu, nikawa natafuna, sioni ladha. Nikasema itarudi. Haikurudi." Aliongea polepole, kama mtu anayetua mzigo kipande kwa kipande. "Nikawa naonja mbele ya watu, nawaambia 'tayari', sijui kama tayari. Mara nyingi nilibahatika. Mwezi uliopita sikubahatika. Nikamsingizia Safari."

"Astaghfirullah," alisema Safari, bila hasira.

"Kisha kijana akasema, mbele ya wote, nitaua ulimi. Nikajua amejua. Nikajua Jumamosi bwana mkubwa akitia sahihi, kile kioo ndicho kitakachoonja, na mimi nitakuwa mzee wa kufagia." Alimtazama Tadeo kwa mara ya kwanza. "Sikutaka kukuua, mwanangu. Wallahi sikutaka. Maisha yangu yote ni meko. Jiko ukiliziba tundu, moto unakufa. Nilidhani mashine itazimika, afisa akute imezimika, basi. Niliondoka, lakini roho haikutulia, nikarudi nilitoe lile tambara. Ndipo nikakuta umelala."

"Sikuwa nimejua, mzee," alisema Tadeo. Alikohoa, Elizabeti akamshika. "Sikujua habari ya ulimi wako. Nilikuwa nakuonea huruma tu."

Jambo hilo lilimuumiza Uweso kuliko bakuli la uji. Alifunika uso kwa mikono yake ya makovu.

Afisa wa afya, ambaye hakuwa ameelewa nusu ya yaliyosemwa, alikohoa kwa adabu, akauliza kama angeweza kuona mfereji. Mastura alimwongoza. Walikwenda mpaka mikokoni. Maji yaliyotoka yalikuwa masafi, na kwenye tope, karibu na mdomo wa mfereji, kaa mwekundu mwenye gando moja kubwa alisimama akawatishia, kisha akazama shimoni mwake. Afisa alichuchumaa kumtazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama mashine. Aliporudi alitia sahihi juu ya goti lake.

Hakuna aliyeshangilia. Walitazamana tu, na Mboni akaanza kulia kimya kimya, akijifuta kwa ncha ya kanga.

"Twende, mzee," alisema Manase. Pingu alikuwa nazo mfukoni. Aliziacha mle mle.

"Bwana sajini," alisema Tadeo, "nipe dakika."

Alimwomba Elizabeti amsogeze mpaka kwenye beseni la maji makali. Alikitumbukiza chelezo, kikaelea kimesimama wima. "Njoo hapa mzee. Macho yako mazima. Soma."

Uweso aliinuka. Aliinama juu ya beseni, akalikunja jicho moja kama alivyokuwa akifanya zamani kuikagua sabuni inayochemka.

"Maji yamefika kwenye mstari wa nne. Yamepita kidogo."

"Yanafaa?"

"Kwa mafuta ya nazi yanafaa. Kwa mafuta mengine ningengoja. Hiki kitu hakisemi uongo."

"Hakisemi. Lakini hakijui mafuta. Hilo la mafuta umelisema wewe."

Mzee alikitazama kile kioo kidogo kwa muda, kisha akamtazama kijana. "Hakimu nitamwambia ukweli wote," alisema. "Miezi atakayonipa nitaikaa. Naomba ukubali kuniona nikitoka."

"Nami nitamwambia hakimu ni nani aliyenivuta kizingitini," alisema Tadeo.

Uweso aliuchukua upawa wake mrefu uliokuwa umeegemezwa ukutani, akampa Mastura kwa mikono miwili, kisha akatoka na sajini, wakiwa bega kwa bega kama watu wanaokwenda sokoni.

Mastura alibaki ameushika. Wafanyakazi walisubiri neno lake, kama walivyozoea kusubiri kila asubuhi. Alikwenda kwenye sufuria kubwa, akautundika upawa kwenye msumari wake wa siku zote.

"Mboni," alisema, "mtu asiuguse mpaka mwenyewe arudi. Haya, tuanze kazi."